Hema jepesi la fimbo: Linapimwaje katika mvua ya mwambao wa Rumonge?

Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hema si chombo cha matembezi peke yake. Tangu maji ya ziwa yalipoanza kupanda na mito kuvunja kingo zake, maelfu ya familia, kuanzia Gatumba upande wa kaskazini hadi Rumonge upande wa kusini, zimejikuta zikilala chini ya kitambaa, au chini ya ile karatasi ngumu ya plastiki ambayo wengi huiita shitingi. Kwa msafiri wa kitalii, hema likivuja ni usiku mmoja mbaya. Kwa familia iliyopoteza nyumba, ni unga uliolowa, mtoto anayekohoa na godoro lisilokauka mpaka kiangazi kiingie.

Miongoni mwa mahema yanayouzwa duniani, yapo yaliyopunguzwa uzito hadi kilo 1 au chini ya hapo. Mahema hayo hayana mifupa yake yenyewe. Husimamishwa kwa fimbo moja au mbili, zilezile ambazo mpanda milima hutembelea mchana, kisha kitambaa huvutwa kwa kamba na vigingi mpaka kikazike. Kanuni hiyo ndiyo inayosimamisha pia kibanda cha shitingi: mti katikati, plastiki juu, kamba pembeni. Kwa sababu hiyo, linalogunduliwa katika kujaribu hema la aina hii kwenye mvua humfaa pia mtu ambaye hatawahi kulinunua.

Namba kwenye lebo ina maana gani?

Watengenezaji huandika uwezo wa kitambaa wa kuzuia maji kwa milimita: 1,200, 1,500, 3,000 na kuendelea. Namba hiyo hutoka maabara. Kipande cha kitambaa hubanwa, upande wake mmoja ukakutanishwa na maji, na shinikizo likaongezwa polepole. Kwa utaratibu wa kimataifa unaojulikana kama ISO 811, jaribio husimama matone yanapojitokeza mahali patatu. Kitambaa cha milimita 1,500, kwa maneno mengine, kimestahimili uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita moja na nusu.

Kwa paa lililokazwa vizuri, kiasi hicho hutosha, kwa kuwa tone la mvua hugonga na kuteleza. Hali ni tofauti sakafuni. Mtu wa kilo 70 akipiga magoti, na uzito wake wote ukaegemea eneo la sentimita za mraba 100, shinikizo chini ya magoti yake ni sawa na la safu ya maji yenye kimo cha mita 7. Sakafu ya milimita 3,000 iliyolala juu ya udongo uliojaa maji inaweza basi kupitisha unyevu hapo alipopiga magoti, ilhali paa la nusu ya namba hiyo likibaki kavu. Anayelala amelinyoosha mwili hausukumi hivyo, kwa kuwa uzito wake umetandazwa. Mkeka, au gunia lililokunjwa mahali pa kupigia magoti, husaidia kuliko kulipia kitambaa cha namba kubwa zaidi.

Lebo hunyamaza pia kuhusu mishono. Kila sindano ilipopita pameachwa tundu. Mahema mengi hufunikwa mishono kwa utepe kiwandani, lakini yale ya nailoni iliyopakwa silikoni pande zote mbili kwa kawaida hayashikani na utepe, hivyo mnunuzi hulazimika kuyapaka mishono yake silikoni ya majimaji kabla ya safari. Asiyesoma maelezo hayo hulaumu kitambaa.

Lita 240 katika dhoruba moja

Hesabu ya mvua ni nyepesi: milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Dhoruba ya milimita 40, ambayo si jambo la ajabu katika ukanda wa tropiki, huangusha lita 240 juu ya hema linalofunika mita 6 za mraba. Maji hayo yote huteremka kwenye ukingo wa kitambaa na kutua hasa pale vigingi vilipopigiliwa. Udongo hulainika, kigingi hulegea, kamba hupoteza mkazo, paa hubonyea na kuanza kukusanya maji badala ya kuyamwaga. Hema halikuvuja mpaka hapo. Limeanguka kwanza.

Nailoni huongeza tatizo hilo, kwa kuwa hunyonya unyevu na kurefuka. Hema lililokuwa limekazika kama ngoma saa 12 jioni huweza kuwa limelegea saa 3 usiku, bila kigingi hata kimoja kung'oka. Poliesta hurefuka kidogo zaidi ya hapana, na vitambaa vya bei ghali vya nyuzi za Dyneema havirefuki kwa kiasi cha kuonekana. Hapa fimbo yenyewe ndiyo dawa: kwa kuwa urefu wake hurekebishwa, mtu aliye ndani huinyanyua sentimita mbili au tatu na paa likakazika tena, bila yeye kutoka nje. Mwenye mti wa kawaida hupata matokeo yaleyale kwa kuingiza jiwe bapa chini yake. Jiwe hilo lina kazi ya pili: huzuia ncha ya fimbo au mti isizame katika ardhi tepetepe.

Mchanga wa ziwa, udongo wa mlima

Rumonge iko kusini mwa Bujumbura, umbali wa kilomita zipatazo 70 kwa barabara inayofuata ziwa. Ukanda wa tambarare ni mwembamba. Upande mmoja kuna maji, upande wa pili milima yenye miteremko mikali, na katikati mashamba ya michikichi ambayo yamelifanya eneo hili lijulikane nchini kote kwa mawese. Mwenye kutafuta mahali pa kusimamisha hema hukuta ardhi za aina mbili zilizo karibu sana, na kila moja ina kasoro yake.

Mchanga wa ufukweni hunyonya mvua haraka, na madimbwi ni machache. Lakini kigingi chembamba cha alumini, chenye urefu wa sentimita 15 au 16, hakina cha kushika humo. Upepo wa kwanza humaliza kazi. Njia inayofanya kazi ni kuzika: mfuko uliojazwa mchanga, au kijiti kilicholazwa, hufungwa kamba na kufukiwa kina cha sentimita 30 au zaidi, kikiwa kimelala kukingama na mvuto wa kamba. Udongo wa mfinyanzi wa karibu na milima hushika kigingi vizuri ukiwa mkavu. Ukilowa, maji hayazami bali hutiririka juu yake, na hema lililowekwa kwenye bonde dogo, hata lile lisiloonekana kwa macho wakati wa kiangazi, hugeuka kuwa njia ya mto.

Kuna swali la upepo. Kando ya maziwa makubwa yaliyozungukwa na milima, upepo wa mchana kwa kawaida hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na wa usiku hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Hema la fimbo lina upande wake dhaifu, ambao mara nyingi ni ule wa mlango, na lisiwe na mlango unaotazama ziwa wala mlima moja kwa moja. Dhoruba, hata hivyo, haifuati ratiba hiyo. Huja na upepo wake, na mvua ya kulazwa na upepo hupenya chini ya ukingo ulioachwa wazi kwa ajili ya hewa.

Mvua inayotoka ndani

Malalamiko mengi kwamba hema jepesi linavuja hayahusu mvua hata kidogo. Mtu mzima hupoteza takriban mililita 300 za maji kwa pumzi na ngozi katika saa 8 za usingizi. Mahema mepesi mengi yana tabaka moja tu la kitambaa. Mvuke huo hukutana na paa lililopozwa na mvua, hugeuka matone, na matone huanguka kila tone kubwa la nje linapogonga. Aliyelala huamka uso ukiwa umelowa na kuamini kwamba paa limetoboka.

Mwambao wa Tanganyika huifanya hali hiyo iwe nzito zaidi, kwa sababu hewa yake wakati wa masika tayari imejaa unyevu. Kufungua matundu ya hewa husaidia, lakini si kwa kiwango kile ambacho watengenezaji hupenda kudai. Hewa ya nje iliyoshiba maji haiwezi kukausha kitu. Yenye tabaka mbili hayazuii matone kuumbika. Huyazuia tu yasimfikie aliyelala. Katika kibanda cha shitingi walimolala watu sita, ambamo pengine chungu pia hupikiwa humo, kiasi cha mvuke ni kikubwa mara nyingi zaidi, na ndiyo maana watu hutundika kanga au blanketi chini ya plastiki. Ni tabaka la pili, la bei nafuu.

Jaribio lenye manufaa

Kumwagia hema maji kwa mpira wa bustani kwa dakika kumi hakuthibitishi mengi. Jaribio la maana huchukua usiku mzima, na usiku wa pili ni muhimu kuliko wa kwanza, kwa kuwa hema husimamishwa likiwa limelowa. Hatua chache zinatosha. Hema hupimwa uzito likiwa kavu, kisha likiwa limekung'utwa baada ya mvua. Tofauti ni maji ambayo msafiri atayabeba mgongoni. Karatasi za gazeti hutandikwa sakafuni, pembeni na chini ya mishono. Karatasi iliyolowa kwa mstari huonyesha mshono, iliyolowa ukingoni huonyesha maji yanayorukia ndani, na iliyolowa katikati chini ya uzito huonyesha sakafu. Vitone vilivyotawanyika kila mahali ni pumzi.

Kamba hukaguliwa kila baada ya saa mbili au tatu, na anayekagua huandika ni ipi iliyolegea kwanza. Ni kazi ya kuchosha na haina mvuto wa picha, na pengine ndiyo maana tathmini nyingi za mahema haya huishia kwenye uzito na bei.

Pale hema linapogeuka nyumba

Hema la fimbo halikutengenezwa kwa ajili ya familia, wala kwa ajili ya miezi. Hema la kawaida la familia linalotumiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, UNHCR, lina eneo la mita za mraba 23, ambapo 16 ni chumba kikuu, na limekusudiwa watu watano. Uzito wake unapita kilo 40, lina tabaka mbili, na linatarajiwa kudumu angalau mwaka mmoja.

Mwaka mmoja hautoshi kila mara. Mnamo Aprili 2020, mto Rusizi ulifurika na kuwafukuza wakazi wengi wa Gatumba, ambao walipelekwa kwenye mahema huko Maramvya, karibu na Bujumbura. Miaka miwili baadaye, wengi walikuwa bado humo. Mwaka 2024, kina cha Ziwa Tanganyika kilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho hakikuwa kimeshuhudiwa sana tangu mwaka 1964, na mitaa ya ufukweni ya Rumonge ikaingiliwa na maji. Mwezi Aprili mwaka huo, serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa msaada wa kimataifa, wakisema kwamba takriban watu 200,000 walikuwa wameathiriwa na mvua tangu Septemba 2023. Mwanzoni mwa mwaka 2025, makumi ya maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Kivu Kusini waliingia Burundi, na wengi walilala katika uwanja wa michezo wa Rugombo, mkoani Cibitoke, katika majira ya mvua, kabla ya kuhamishiwa Musenyi.

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga unaoanzia Kalemie upande wa Kongo, na kwa hiyo likishapanda halishuki kwa wiki chache. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inatenga ukanda wa mita 150 kutoka ziwani usiojengwa. Kwa mwenye hema, ukanda huo ni kipimo kizuri cha mahali pa kutolala, kwa sababu ya mawimbi, na pia kwa sababu ya viboko na mamba wanaofuata maji yanapotanda.

Adui wa mwisho wa kitambaa si mvua. Rumonge iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na jua la hapo hudhoofisha nailoni na plastiki taratibu, hata pale ambapo rangi inaonekana nzima. Hema lililosimama kiangazi chote, kuanzia Juni hadi Septemba, lipimwe upya kabla mvua za vuli hazijaanza: mtu ashike kitambaa cha paa kwa vidole vya mikono miwili, upande uliopigwa na jua la mchana, na kukivuta kwa nguvu. Kikichanika kama karatasi, hakuna kiraka wala silikoni itakayokiokoa, na ni afadhali kichanike mchana wa Septemba kuliko usiku wa Novemba.