Ngawira ya Kalenga

Kalenga, kijiji kilichoko kando ya Mto Ruaha Mdogo, kilomita zipatazo 15 kutoka Iringa mjini, ndiko kulikokuwa na makao makuu ya Mkwawa, mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, na jina lenyewe la Iringa hutokana na neno la Kihehe lilinga, lenye maana ya ngome. Ngome za Wajerumani, kama ile ya Ikoma wilayani Serengeti, zilijengwa ili kutawala. Ya Kalenga, yenye ukuta wa mawe na udongo, ilijengwa ili watu wake wasitawaliwe.

Ngome hiyo ilitekwa na jeshi la Gavana Mjerumani Friedrich von Schele tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kukishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, na pembe za ndovu, baruti na silaha zilizokutwa ndani zikawa ngawira, yaani mali ambayo mshindi wa vita hujitwalia. Mkwawa aliponyoka akaendelea kupigana msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe akiwa hai. Maiti yake ilikatwa kichwa, nacho kikapelekwa kwa wakubwa wa kijeshi Iringa, na fuvu lake likasemekana baadaye kupelekwa Ujerumani.

Suala la nani mwenye haki juu ya fuvu hilo liliibuka mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, pale Horace Byatt, msimamizi Mwingereza wa koloni lililonyang'anywa Wajerumani, alipopendekeza mwaka 1918 lidaiwe, kwa kuwa Wahehe waliwasaidia Waingereza vitani. Ndipo likaingia katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu kinachostahili kusomwa polepole. Sehemu yake ya kwanza inaiagiza Ujerumani imrejeshee Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Uthman, ambao Waturuki waliuondoa Madina na ukasemekana kutunukiwa Kaisari Wilhelm II; sehemu ya pili inaiagiza ikabidhi fuvu la "Sultani Mkwawa" kwa Serikali ya Uingereza. Msahafu unarejeshwa ulikotoka, fuvu linakabidhiwa mkoloni mwingine, na Wahehe hawatajwi popote, ingawa muda uliowekwa kwa vyote viwili ni ule ule wa miezi sita.

Miezi hiyo ilipita bure, kwani Ujerumani ilikana kuwa na fuvu hilo. Mwaka 1953 Gavana Mwingereza Edward Twining alikwenda katika makumbusho ya Bremen, akachagua moja kati ya mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wake na vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai, kipimo ambacho kinaweza kuwafaa watu wengi wasiohusiana kabisa. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtwa huyo na baadaye Spika wa Bunge la Tanzania, katika miaka ambayo serikali ya kikoloni ilihitaji sana urafiki wa machifu. Fuvu hilo limewekwa katika makumbusho ya Kalenga, ilhali kiwiliwili cha Mkwawa kimezikwa Mlambalasi.