Posho, ugali na hamu ya chakula cha asili

Kila mjadala wa utamaduni unapopamba moto vyuoni, hatakosekana msemaji wa kutuhimiza turudi kwenye chakula cha asili. Akiulizwa ni kipi hicho, hutaja ugali wa dona, maharage, na kachumbari yenye pilipili kali. Hamu yake ni ya kweli: ni hamu ya jiko la bibi, ya moshi wa kuni na sauti ya mwiko. Ila mahindi, maharage, nyanya na pilipili hizo asili yake ni bara la Amerika. Hakuna kimojawapo kilichoota katika ardhi ya Afrika kabla ya mabaharia wa Ulaya kuvuka Atlantiki mwaka 1492.

Sisemi hivi ili kumnyamazisha. Mtu akishajua hilo, ndipo utamu wa historia ya chakula unapoanza, kwa sababu swali linabadilika: tulikula nini kabla, na tulibadilishwaje?

Kwa upande wa pwani tunaye shahidi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoletwa pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi na maembe. (Pilipili hiyo haikuwa hii tunayoitafuna leo, ambayo bado ilikuwa ng'ambo ya bahari.) Mombasa aliwakuta watu wakila zaidi ndizi na samaki. Ugali wa mahindi hakuuona, wala asingeweza kuuona. Bara nako nafaka zilizotawala zilikuwa mtama, uwele na ulezi, mazao ambayo Mwafrika mwenyewe aliyatoa porini na kuyafuga shambani.

Mahindi yaliingia kupitia njia ambayo neno moja limeihifadhi vizuri kuliko nyaraka nyingi: posho. Katika misafara ya karne ya 19, posho ilikuwa sehemu ya chakula aliyopewa mpagazi, kwa kawaida nafaka iliyopimwa kwa kibaba. Ukoloni ukalichukua neno pamoja na desturi yake. Kibarua wa reli, wa mgodi na wa shamba la mkonge alipimiwa posho, na kadiri miaka ilivyopita posho hiyo ikawa unga wa mahindi. Uganda hadi leo ugali wa mahindi huitwa posho. Kwetu Tanzania neno limepanda cheo: mtumishi anayetia saini karatasi ya posho ya kikao analipwa kwa neno la mpagazi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wakulima walisukumwa tu. Mahindi yalikuwa na faida walizoziona kwa macho. Gunzi limefunikwa kwa maganda, hivyo ndege hawalimalizi kirahisi. Mtama hubeba punje zake wazi na hutaka mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri. Watoto, ambao ndio waliokuwa waamiaji, walipoanza kwenda shule, hesabu ya kazi shambani ilibadilika. Hata weupe wa unga tunaouona kuwa alama ya usafi una historia ya biashara: soko la wanga la Uingereza lilipendelea mahindi meupe, na walowezi wa Kenya walilima kulilenga soko hilo.

Uthibitisho wa jinsi ladha hiyo ilivyotukaa upo katika kumbukumbu za njaa ya mwaka 1974. Nchi ilipolazimika kuagiza chakula kutoka nje, unga wa mahindi ya njano uliitwa "yanga", kwa rangi ya jezi ya klabu, na ukaliwa kwa manung'uniko. Waliokula wangali wanaukumbuka hivyo. Katika vizazi vichache, mgeni wa kutoka Amerika alikuwa amekuwa mwenyeji kiasi cha kumkataa ndugu yake kwa rangi.

Hapa ndipo hamu ya chakula inapogusa sera. Tunaposema "hakuna chakula", mara nyingi tunamaanisha hakuna mahindi, na ghala la taifa limejaa mahindi kuliko nafaka nyingine yoyote. Mtama unaostahimili ukame tumeupachika jina la chakula cha njaa, na muhogo bado unabeba kumbukumbu ya sheria ndogo za mkoloni zilizowalazimisha watu kuulima kama akiba. Bwana shamba anayehimiza mtama leo katika kata yenye mvua haba anashindana na aibu ambayo haikuzaliwa shambani.

Makao makuu ya nchi yetu yako katikati ya Ugogo, nchi ya uwele na mtama. Mtumishi aliyehamia Dodoma anaweza kutoka kikaoni na posho yake, akapita sokoni kuulizia unga wa uwele. Akimpata muuzaji mwenye umri wa kutosha, ataelezwa pia namna unavyosongwa, na kwa nini huliwa na mlenda.