Kunoa Picha: Istilahi na Mipaka Yake

Katika istilahi za uhariri wa picha, hapana iliyowapoteza wengi kama hii ya "kunoa", kwa kuwa asikiaye kwamba picha hunolewa hudhani kuwa ukali uliokosekana picha ilipopigwa waweza kuletwa baadaye mezani, ilhali noleo halijapata kuongeza chuma katika kisu, bali hukipa makali chuma kilichomo.

Asili ya ufundi huu ni chumba cha giza, zama za filamu. Fundi alitoa nakala ya negativu yake, kwa makusudi akaifanya iwe na ukungu, kisha akazibandika pamoja na kuchapa. Nakala ile ikapunguza tofauti za nuru katika sehemu pana, ikayaacha mapambizo ya vitu yakidhihirika zaidi. Kwa ajili ya ukungu wa nakala hiyo, kwa Kiingereza ikaitwa barakoa isiyo kali, jina lishangazalo kwa kazi ya kutafuta ukali. Nami naona "barakoa ya ukungu" yatutosha. Programu za leo hufuata kanuni iyo hiyo: penye mpaka wa nyeusi na nyeupe, upande wa giza hutiwa giza zaidi na upande wa nuru hung'arishwa, na jicho hulaghaika likaona ukali.

Sasa, ili tuone yanayotangulia unoaji, tumtazame mdiria wa Ziwa Viktoria, yule mwenye rangi nyeusi na nyeupe, ambaye husimama hewani akipiga mbawa kwa kasi, kichwa kimetulia, kabla ya kujitupa majini. Kamera ikiachiwa hiari yake huichukulia mandhari yote kuwa ya kijivu cha wastani. Basi maji yakiwa meusi nyuma ya ndege, huongeza nuru, na manyoya meupe ya kifuani yakaungua. Hapa naikataa desturi ya kuandika "mwangaza" kwa kila jambo. Mwangaza ni sifa ya picha iliyokwisha kupigwa, nao waweza kupandishwa na kushushwa; nuru iliyoingia kwa tundu la lenzi na kwa muda wa shata, tuseme 1/2000 ya sekunde, yastahili jina lake, nalo ni "kadiri ya nuru". Katika picha ya kawaida kila moja ya rangi tatu za msingi ina daraja kuanzia 0 hadi 255, na unyoya uliofika 255 katika rangi zote tatu haubakizi hata mchirizi mmoja wa kurejeshwa. Afadhali kuipunguza kadiri ya nuru kidogo, kuhifadhi faili ghafi (RAW), kisha kuviinua vivuli polepole, ijapokuwa gharama yake ni chenga, yaani vidoa visivyokuwa katika mandhari, ambazo hujitokeza kwanza gizani.

Chenga hizo zipunguzwe kabla ya kunoa, la sivyo nazo zitanolewa pamoja na manyoya. Na picha ipewe kwanza ukubwa wake wa mwisho, maana kuikuza au kuipunguza hubadili mapambizo yote. Unoaji uelekezwe kwenye jicho, mdomo na kishungi, kwa upana wa pikseli 1 au pungufu, kwani ukizidi, mstari mweupe humzunguka ndege mahali ambapo ziwani hapakuwa na mstari wowote. Mbawa na maji viachwe na ukungu wake, kwa kuwa ndio ushahidi wa mwendo. Na jicho likiwa limetikisika, picha iwekwe kando, itafutwe nyingine katika mfululizo ule ule.