Tamthilia za Runinga na Malezi ya Watoto Flemingsberg

Serikali ya Sweden ilipoasisi mwaka 1911 afisi ya kukagua sinema, Statens biografbyrå, miongoni mwa za mwanzo ulimwenguni, Flemingsberg ya leo, kusini mwa Stockholm, haikuwapo bado, kwani majumba yake marefu yalijengwa miaka ya 1970, sambamba na hospitali ya Huddinge iliyofunguliwa 1972. Afisi hiyo iliweka vipimo vya umri, ambavyo hatimaye vilikuwa miaka 7, 11 na 15, na ukali wake ukadhihirika mwaka 1982, ilipowazuia walio chini ya miaka 11 kuitazama E.T., filamu ambayo shujaa wake mwenyewe ni mtoto.

Lakini amri yake ilikoma mlangoni mwa sinema. Tamthilia za runinga, mathalan Rederiet (1992 hadi 2002), kisa cha ukoo wa matajiri wa meli wa Stockholm, pamoja na husuda na hila zao, ziliingia majumbani bila ya cheti cha mkaguzi, na hakimu katika fleti za Grantorp, mtaa wa Flemingsberg, akawa mzazi. Nami nasadiki kwamba ndivyo ilivyopasa, maana tamthilia ya jamaa aghalabu haitishi kwa damu bali kwa talaka, ulevi na maneno makali, mambo ambayo mtoto mmoja huyasahau usiku uleule, ilhali mwenziwe, ambaye wazazi wake wametengana karibuni, hukosa usingizi. Na mkaguzi, hata awe mwadilifu vipi, hawezi kumjua huyu wala yule.

Afisi yenyewe ilifungwa mwishoni mwa 2010, na kuanzia 2011 hadi mwishoni mwa 2023 baraza jipya, kwa upande wa filamu, lilibakia na kazi ya kuweka vipimo vya umri tu.