Milonjo: Mchezo wa Watoto na Ngoma ya Wakubwa

Jina la Lupaso, wilayani Masasi, limeenea nchini kwa kuwa ndiko alikozaliwa Rais wa awamu ya tatu, Benjamin William Mkapa, mwaka 1938, na ndiko alikozikwa Julai 2020. Lakini historia ya kijiji si ya viongozi peke yao. Nchi hii ya Masasi na Newala, wanakoishi Wamakua, Wayao na Wamakonde kwa ujirani, ina urithi mwingine usiotajwa sana katika madarasa yetu, nao ni ufundi wa kwenda kwa milonjo.

Mlonjo, ambao wengine huuita mronjo, ni mti mrefu wenye mahali pa kukanyagia. Mtoto hutafuta miti miwili iliyonyoka yenye panda, akakanyaga panda hizo na kushika ncha za juu kwa mikono. Mwanzo panda huwa karibu na ardhi. Akizoea, hutafuta miti mirefu zaidi. Ugumu wa mchezo hauko katika kutembea bali katika kusimama. Mlonjo hugusa ardhi kwa ncha ndogo tu, kwa hiyo mchezaji hana budi kupiga hatua fupi fupi bila kukoma ili mwili usipoteze mizani. Akianguka hupanda tena, na wenzake humcheka bila ya kumdhuru. Hapo mtoto hujifunza kuutawala mwili wake na kuushinda woga.

Wamakonde waliukuza ufundi huo hadi ukaingia katika ngoma ya midimu, ngoma ya vinyago inayoambatana na sherehe za jando na unyago. Mdimu wa milonjo hufungiwa miti miguuni, naye huvaa suruali ndefu inayoificha mpaka chini. Mikono yake i huru, uso wake umefunikwa kwa kinyago, na kimo chake humpita mtu yeyote uwanjani. Akichoka huegemea paa la nyumba. Kwa mujibu wa mila, huyo si jirani yetu aliyevaa kinyago, bali ni mgeni kutoka kwa wahenga. Urefu ule humtenga na watu wa kawaida.

Ufundi wa namna hii si wa Wamakonde pekee. Katika Gule Wamkulu ya Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, ngoma iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, yumo pia mchezaji wa milonjo. Na hapa kwetu, Mjerumani Karl Weule alipofika Masasi na Newala mwaka 1906, wakati moshi wa Vita vya Maji Maji haujatulia, aliona yafaa kuandika habari za jando, vinyago na hata michezo ya watoto.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu hapo ngoma za kusini, sindimba ikiwa mbele, zilipanda jukwaani na kujulikana nchi nzima. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo jukwaa humpokea mchezaji aliyekwisha kukomaa, halimlei. Yule ambaye hajawahi kukanyaga panda za miti utotoni atauanza ufundi huu akiwa na mwili mzito na hofu ya mtu mzima. Tukihifadhi kinyago makumbusho na kuuacha mchezo upotee, tutabaki na sura ya mdimu bila ya miguu yake.

Wapo watakaouliza: je, kuufundisha mchezo huu shuleni si kuzitoa hadharani siri za jando? Sivyo. Kinyago kina wenyewe, na adabu yake ilindwe na wenyewe. Milonjo ya kushika kwa mikono ni mali ya watoto wote, wavulana na wasichana. Haihitaji fedha wala kiwanja maalumu. Mwalimu na awaombe wazee wa kijiji waje kuwaonyesha wanafunzi mti ufaao na namna ya kuukata bila ya kuharibu msitu. Aanze na panda zilizo chini, mahali penye mchanga, kisha awaache watoto wafundishane wenyewe.