Ngozi za Vyombo vya Ziwa Tanganyika

Chombo cha majini kina ngozi mbili: ya kwanza hupewa na mwundaji, ya pili hutiwa na miaka. Historia ya vyombo vya Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma hata Karema katika Mkoa wa Katavi, yaweza kusomwa kwa namna watu walivyoiondoa ile ya pili.

Mbao ndiyo iliyotangulia. Rangi kuukuu hukwanguliwa kwa kisu kipana, nyufa hutiwa kalafati, kisha ubao husuguliwa. Msasa, ambao kwetu leo ni karatasi, ni jina la mti ambao majani yake ya kukwaruza yalifanya kazi hiyo zamani. Mkono ukizidi kidogo, ubao husamehe, kwa kuwa ni mnene.

Chuma kilikuja na desturi nyingine. Meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, ila mafundi walikuwa wamekwisha kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924. Tope na grisi vilipoondolewa, mitambo ilionekana yafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Bamba la meli hugongwa nyundo na kusuguliwa kwa brashi ya waya hata kutu iishe. Rangi ya kwanza ya chuma zamani ilikuwa nyekundu yenye risasi, madini yale yale yaliyochimbwa Mpanda katikati ya karne ya 20, hata reli ikajengwa kutoka Kaliua. Risasi ilizuia kutu, lakini vumbi lake ni sumu kwa mkwanguaji.

Faibaglasi, iliyoanza kuundiwa boti Marekani katika miaka ya 1940, haivumilii desturi hizo. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa viwandani, na juu yake pana utando usiofika unene wa milimita moja. Nyundo huupasua, moto huulainisha, dawa kali ya kuondolea rangi hula rangi na utomvu pamoja. Yafaa kisu butu, mkono mwepesi na msasa wa kulowesha, ukianza na wa wastani na kumalizia na ulio laini, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Maganda nayo yakusanywe juu ya turubai, mbali na maji, maana baadhi ya rangi za chini ya boti zina shaba. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na mto ulitokao ni mmoja tu, Lukuga. Kinachoingia humo hakiondoki upesi.

Kwa hiyo ustadi hauhamishwi kama mzigo, kutoka chombo hiki hata kile. Aliyefunzwa na chuma, akiileta nyundo yake kwenye faibaglasi, ataondoa rangi, na boti pamoja nayo.