Vijana wa Kiungani

Ukitaja mmisionari, sisi vijana wa mjini tunamwona mzungu mwenye ndevu, Biblia kwapani, anahubiri chini ya mwembe. Picha hiyo ni nusu tu ya habari. Kazi yenyewe, ya kukaa kijijini na watoto na kuwafundisha kusoma, kwa sehemu kubwa ilifanywa na Waafrika, na wengi waliianza wakiwa na umri kama wetu. Hebu niwape kisa cha Kiungani, Unguja.

Waingereza wa UMCA hawakuanzia Unguja. Mwaka 1861 walipiga kambi Magomero, katika Malawi ya leo. Homa na vita vikawashinda, na Askofu Mackenzie akafa mwaka uliofuata. Mrithi wake, Tozer, akahamia Unguja mwaka 1864 pamoja na Edward Steere. Hesabu yao ilikuwa rahisi: ikiwa mzungu akienda bara anakufa, basi afundishwe mwenyeji, yeye ndiye aende. Haya, mwenyeji gani? Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa.

Fikiria, ndugu msomaji. Hao viongozi wa kesho walikuwa watoto walioibwa kwao, hawana baba wala mama karibu, na leo wanaambiwa kwamba siku moja watawafundisha wengine. Nani aliwauliza? Hata hivyo mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Kiungani palikuwa nje kidogo ya mji, kusini. Wavulana walisoma dini na hesabu, na wengine walijifunza uchapaji, kupanga herufi za risasi moja moja. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, lakini lugha ya shule ni Kiswahili. Mavazi nayo ni kanzu, maana wakubwa hawakupenda wageuke wazungu weusi. Nia ilikuwa njema labda, ila hata nguo ya mtu ilikatiwa shauri na mwingine!

Anayenivutia zaidi ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akachukuliwa utumwani angali mdogo, akakombolewa, akasoma Kiungani, halafu akapelekwa chuoni Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 akafanywa shemasi na kutumwa Chitangali, upande wa Masasi. Kumbe kazi ile ile ambayo kwa Mwingereza ni ya ng'ambo, kwa Majaliwa ilikuwa ni kurudi kwa watu wa kabila lake. Mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika UMCA. Chitangali kanisa lilikua mikononi mwake, wala hakuhitaji mzungu wa kumshika mkono.

Sasa nakuja kwenye jambo linalotuhusu sisi wa kalamu. Mwaka 1887 kilitoka kitabu kiitwacho *Kiungani*. Ndani yake wavulana wale wanasimulia wenyewe makwao, walivyotekwa, na njia waliyopita hadi pwani. Waliandika wao, A. C. Madan akatafsiri kwa Kiingereza. Tazama ukurasa wa kwanza: Madan ametajwa kwa jina lake, na waandishi ni "wavulana" tu. Jamani! Mtu anaaminiwa kufundisha watoto wa nchi nzima, ila jina lake halina nafasi kwenye kitabu alichokiandika. Simlaumu Madan peke yake, kwani bila yeye labda tusingepata hata hayo. Lakini inauma.

Mwaka uliofuata, 1888, misheni ikaanza kuchapa *Msimulizi*, moja ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Walimu waliotoka Kiungani, waliotawanyika huko bara, walileta habari za vituo vyao: shule ina watoto wangapi, nani amebatizwa, nani amekufa. Safari hii hakuna aliyewatafsiria. Waliandika Kiswahili, wakasomwa kwa Kiswahili na wenzao.